Imani na Akili Timamu

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Matendo 26:19–28, Marko 3:20–35, Matendo 12:12–16, Danieli 4:28–37, Kumbukumbu la Torati 18:20–22, Luka 17:11–14, 1 Wathesalonike 5:19–22, 1 Wakorintho 15:3–19.

Fungu la Kukariri: Matendo 26:25. Likariri kutoka katika Biblia yako. Hapo Paulo anakanusha mbele ya Festo shtaka la kurukwa na akili, na kueleza kwamba anayoyasema ni ya kweli na yametoka katika akili iliyotulia.

Kijana aliyekulia katika Shule ya Sabato huko Tukuyu, Mafinga au Makambako hufika chuoni Mbeya au Iringa akiwa na Biblia yake na majibu aliyofundishwa nyumbani. Jioni moja mwenzake wa bwenini anamwuliza swali ambalo hakulitarajia: Una uhakika gani kwamba unayoyaamini si ugonjwa wa akili uliokubaliwa na watu wengi? Kijana anakasirika, au ananyamaza. Hasira haimsaidii, wala ukimya haumsaidii.

Swali hilohilo huingia pia kwa mlango mwingine. Mtaani kuna nyumba ambamo mama ameacha kula na kulala kwa sababu anasikia sauti inayomwamuru. Mmoja wa ndugu anasema ni Mungu. Mwingine anasema ni mapepo. Wa tatu anasema apelekwe hospitali. Hapo jibu linaweza kuokoa maisha au kuyapoteza.

Juma hili tutaona kwamba Biblia yenyewe inalijua shtaka hili, na kwamba inatoa vipimo vya kutofautisha imani na udanganyifu wa akili.

*Jifunze somo hili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Shtaka la Festo

Soma Matendo 26:19–28. Ni jambo gani lililomfanya Festo apaze sauti? Paulo alitegemea nini katika kumjibu?

Festo aliyasikiliza maelezo ya Paulo kwa utulivu mpaka yalipotajwa maneno ya ufufuo. Hapo alishindwa kuvumilia. Kwa gavana wa Kirumi, msomi anayesema kwamba mfu amefufuka alikuwa amezidiwa na vitabu vyake.

Paulo hakumtukana gavana, wala hakusema kwamba mambo ya Mungu hayaulizwi. Alimgeukia Mfalme Agripa, mtu aliyezifahamu habari za Wayahudi, akataja kwamba mambo hayo hayakutendeka mafichoni. Kwa maneno mengine, aliwaelekeza wasikilizaji wake kwenye jambo lililotokea hadharani, ambalo wengine wangeweza kulichunguza.

Soma Marko 3:20, 21 na Matendo 12:12–16. Ni nani walioshutumiwa kwamba wamerukwa na akili, na ni nani waliowashutumu?

Katika Marko, walioogopa kwamba Yesu amerukwa na akili ni jamaa zake mwenyewe. Katika Matendo 12, kijakazi Roda aliambiwa ana wazimu na waumini waliokuwa wakiomba usiku ule juu ya Petro. Maombi yao yalikuwa yakibisha mlangoni, nao wakamwona aliyeleta habari kuwa mgonjwa. Shauri lilikwishaje? Petro aliendelea kubisha, wakafungua, wakaona.

Basi kuitwa mwendawazimu hakuthibitishi kwamba mtu amekosea. Lakini na upande wa pili ukumbukwe. Wapo wanaojivuna kwamba kwa kuwa wanachekwa, lazima wawe manabii. Roda hakuthibitika kuwa sahihi kwa sababu alichekwa. Alithibitika kwa sababu mlango ulipofunguliwa, Petro alikuwapo.

Mtu akiidhihaki imani yako, huwa unajibu kwa hasira, kwa ukimya, au kwa kumwalika aje aangalie?

JUMATATU

Kipimo cha Daktari

Mwaka 1927 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, alichapisha kitabu kilichodai kwamba dini huzaliwa na matamanio: binadamu anaiogopa dunia, kwa hiyo anajitengenezea Baba wa mbinguni wa kumlinda. Mwaka 2006 Richard Dawkins, mwanabiolojia Mwingereza aliyezaliwa Nairobi mwaka 1941, alikwenda mbali zaidi. Katika jina la kitabu chake aliiita imani juu ya Mungu udanganyifu wa akili. Kitabu hicho ndicho ambacho wanafunzi wengi hukutana nacho vyuoni.

Hoja ya Freud isipuuzwe, kwa maana watu wengi huamini yale wanayoyatamani. Hata hivyo tamanio peke yake halithibitishi lolote. Msafiri mwenye njaa anaweza kuona sahani ya ugali katika ndoto, na bado ugali upo duniani. Freud mwenyewe alikiri kwamba imani iliyotokana na tamanio si lazima iwe ya uongo.

Madaktari wa magonjwa ya akili wana kipimo chao. Kwao, udanganyifu wa akili ni imani ambayo mtu anaishikilia kwa nguvu na haibadiliki hata akionyeshwa ushahidi ulio kinyume chake. Lakini mafunzo yao huwataka pia wazingatie utamaduni na dini ya mtu. Daktari hamwandiki mtu kuwa mgonjwa kwa sababu anaomba, anafunga au anangojea ufufuo. Anauliza mengine: Je, analala? Anakula? Anafanya kazi zake? Mazungumzo yake yanafuatana? Wazo hili lilimjia ghafla, likiwa na hofu kubwa? Na waumini wenzake wanalionaje?

Swali hili la mwisho lina faida kubwa, lakini halitoshi. Kushirikiana imani na wengi kunaweza kuonyesha kwamba mtu si mgonjwa. Hakuonyeshi kwamba imani yenyewe ni kweli, kwa sababu watu wengi wenye afya wanaweza kukosea pamoja. Kesho tutaona mfano wa jambo hilo.

Soma Danieli 4:28–37. Ni wakati gani Nebukadreza alimtukuza Mungu: alipopoteza akili au zilipomrudia?

Mfalme alijiona kuwa chanzo cha ukuu wake wote, na hilo ndilo lililomtangulia kabla ya kuishi kama mnyama wa kondeni. Akili zilipomrudia ndipo alipoinua macho na kusifu. Katika sura hii, kumjua Mungu na kurudiwa na akili timamu vinakuja pamoja.

JUMANNE

Maji na Risasi

Soma Kumbukumbu la Torati 18:20–22. Mungu aliwapa Israeli kipimo gani cha kumpima anayesema kwa jina lake?

Nyanda za Juu Kusini zina kumbukumbu ya uchungu ya ahadi ambayo haikutimia. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewaambia watu kwamba roho imempa dawa: maji, yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Vita vilianza Julai huko Umatumbi. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa, lakini dawa ilikuwa imekwisha kusambaa. Mwishoni mwa mwezi huo maelfu ya wapiganaji waliikabili ngome ya Mahenge, na bunduki za rashasha zikawaangusha. Mwezi Septemba, Wabena walioingia vitani walishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Vita na njaa iliyofuata viliua watu wengi sana. Makadirio huanzia 75,000 na kufika 300,000.

Je, watu wale walikuwa wendawazimu? La. Walilimishwa pamba kwa nguvu, walitozwa kodi na walichapwa viboko. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, na ujasiri wao unaheshimiwa mpaka leo. Tatizo lilikuwa katika ahadi waliyoiamini. Tena angalia lililotokea ahadi iliposhindwa. Aliyeuawa kwa risasi ilisemwa kwamba alivunja miiko ya dawa. Hivyo kila kifo, badala ya kuwa ushahidi dhidi ya dawa, kiligeuzwa kuwa kosa la marehemu.

Wahehe wa Iringa kwa sehemu kubwa hawakujiunga na vita hivyo. Hawakuwa waoga. Mwaka 1891 huko Lugalo walilishinda jeshi la Wajerumani. Lakini mwaka 1894 waliiona ngome yao ya Kalenga ikianguka, na mwaka 1898 walimpoteza Mkwawa. Habari za dawa zilipowafikia, bunduki zile walikuwa wanazijua.

Kipimo cha Musa ni chepesi kueleweka: neno lililosemwa lilinganishwe na jambo lililotokea. Mungu hakuwataka Israeli wafumbe macho. Aliwataka waangalie, na neno lisipotimia, wasimwogope aliyelinena.

Umewahi kumsikia mtu aliyeombewa akiambiwa kwamba hakupona kwa sababu imani yake ni ndogo? Maneno hayo yanafanana vipi na yale waliyoambiwa wafiwa wa mwaka 1905?

JUMATANO

Jaribuni Mambo Yote

Soma 1 Wathesalonike 5:19–22. Ni makosa gani mawili ambayo Paulo anayakataza kwa pamoja?

Kosa la kwanza ni kuudharau unabii wote. Kosa la pili ni kuupokea wote bila kuupima. Kanisa linatakiwa kuyaepuka yote mawili.

Mwanzoni mwa mwaka 2011 barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, ilijaa magari kwa kilometa nyingi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, alieleza kwamba Mungu alimwonyesha katika ndoto mti wa dawa. Kikombe kimoja, kwa shilingi 500, kilitajwa kuwa kinaponya UKIMWI, kisukari, kansa na magonjwa mengine. Watu walisafiri kutoka kila pembe ya nchi, na wengine walifia njiani au kwenye foleni. Baadaye walijitokeza wengine mikoani, Mbeya ikiwemo, wakitoa vikombe vyao. Mzee huyo alifariki mwaka 2021.

Hakuna sababu ya kumwita mwongo au mwendawazimu. Hata watu waliomwendea walikuwa na akili zao. Walikuwa wagonjwa waliochoka. Lakini wapo waliokunywa kikombe wakaacha dawa zao kabla ya kupimwa tena. Hapo ndipo hatari ilipokuwa.

Soma Luka 17:11–14. Kwa nini Yesu aliwatuma wakoma kumi kwa makuhani?

Katika sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyeuchunguza ukoma na kutangaza kwamba mtu ametakasika (Mambo ya Walawi 14:1–3). Yesu alikuwa na uwezo wa kuponya, lakini hakuwaambia wajitangazie uponyaji wao. Aliwapeleka kwa mtu aliyepewa kazi ya kuchunguza. Muujiza wa kweli hauogopi kupimwa. Leo, mwenye VVU au kisukari anayeamini kwamba ameponywa amfuate Yesu hapohapo: aende kliniki akapimwe, na asiache dawa mpaka mtaalamu amwambie.

Kutokupima kunaweza kufika mbali. Tangu Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa zaidi ya miili 400 ya watu, watoto wakiwemo, waliohusishwa na mafundisho ya kufunga mpaka kufa ili kumwona Yesu. Wengi wao walikuwa waumini wa kawaida, waliowahi kuwa na kazi na familia. Yesu mwenyewe, alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu na kunukuliwa Maandiko, alikataa (Luka 4:9–12).

Mtu akisimama kanisani na kusema ameoteshwa ndoto inayowataka wengine waache chakula, dawa au shule, wazee wa kanisa wachukue hatua gani kabla ya Sabato kwisha?

ALHAMISI

Asubuhi ya Oktoba 23

Ni rahisi kuwapima wengine. Kanisa la Waadventista Wasabato lina historia yake, nayo lazima ipimwe kwa mizani hiyohiyo.

William Miller, mkulima wa Jimbo la New York, alihubiri kwa miaka mingi kwamba Kristo yu karibu kurudi. Hatimaye maelfu ya watu walimngojea tarehe 22 Oktoba 1844. Magazeti yalidai kwamba mahubiri hayo yanawatia watu wazimu, na mwaka 1845 jarida jipya la madaktari wa magonjwa ya akili huko Marekani lilichapisha makala kuonya juu yake. Siku ilipita, na Kristo hakuja. Hiram Edson alieleza baadaye jinsi yeye na wenzake walivyolia mpaka alfajiri.

Baada ya hapo, wengine waliacha imani. Wengine waliweka tarehe mpya, nazo zikapita. Kundi dogo lilirudi kwenye Biblia na kusema kwamba hesabu ilikuwa sahihi ila tukio lilieleweka vibaya, kwa kuwa Danieli 8:14 inahusu huduma ya Kristo katika hekalu la mbinguni.

Mtu wa nje anaweza kuuliza: Je, huko si kuikwepa aibu? Mwaka 1956 Leon Festinger na wenzake walichapisha utafiti juu ya kikundi cha Marekani kilichongoja gharika isiyokuja. Walionyesha kwamba unabii ukishindwa, baadhi ya watu huzidi kuushikilia. Swali hilo ni la haki, na mwamini asilijibu kwa hasira. Aangalie matunda. Waanzilishi walikiri wazi kwamba walilokuwa wakilingojea halikutokea. Hawakuwalaumu waliolia kwamba imani yao ilikuwa ndogo. Walieleza ufahamu wao mpya kutoka katika Maandiko ambayo yeyote anaweza kuyafungua. Kanisa lililoundwa mwaka 1863 halikuendelea kuweka tarehe za kurudi kwa Yesu. Msomaji naye afungue Danieli 8 na Waebrania 8 na 9, apime mwenyewe.

Soma 1 Wakorintho 15:3–19. Paulo anasema nini kingeibomoa imani yake? Anawataja mashahidi gani?

Fungu hili halifanani na maneno ya mtu aliyefungwa na udanganyifu wa akili. Mtu wa namna hiyo hawezi kutaja jambo ambalo, likithibitika, litamfanya aache. Paulo analitaja: kama Kristo hakufufuka, mahubiri yote ni bure. Kisha anawataja mashahidi, wengi wao wakiwa hai wakati ule, ambao Wakorintho wangeweza kuwauliza.

Ni kweli kwamba ufufuo haupimwi maabara, na watu wenye akili nzuri wameusikia ushuhuda huu wakabaki na mashaka. Tomaso naye alikuwa nayo, na Yesu hakumfukuza. Imani huenda mbele zaidi ya ushahidi, kama mtu anavyomwamini mwenzi wake kwa siku ambazo bado hazijafika. Lakini haiendi kinyume cha ushahidi, wala haimwadhibu anayeuliza.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Mathayo 4:24 na 1 Wafalme 19:1–8.

Mathayo anapoorodhesha wagonjwa walioletwa kwa Yesu, anawataja wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza kila kundi kwa jina lake. Hakuyachanganya. Kanisa nalo lisiite kila ugonjwa wa akili pepo, wala dhambi, wala upungufu wa imani. Eliya, nabii aliyetoka kuona moto wa Karmeli, alifika mahali pa kuomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimpa usingizi, chakula na maji, mara mbili, ndipo wakazungumza.

Waumini wana sehemu katika historia ya kuwatunza wagonjwa wa akili. Huko Lutindi, milima ya Usambara, wamisionari wa Kilutheri walianza kazi hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Leo kuna Hospitali ya Mirembe, Dodoma, na kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Katika kitabu cha *Huduma ya Uponyaji*, kilichotolewa mwaka 1905, Ellen G. White anafundisha kwamba kutumia njia za tiba alizoziweka Mungu si kuikana imani. Mgonjwa anaweza kuombewa asubuhi na kusindikizwa kliniki siku hiyohiyo, na ndugu wa kanisani akamshika mkono katika safari zote mbili.

Turudi kwa mama wa Sabato Alasiri. Kanisa lisianze kubishana kama sauti ile ni ya Mungu. Sauti inayomnyima mama chakula na usingizi haina haki ya kusubiriwa. Apewe maji na chakula, asiachwe peke yake, apelekwe kwa daktari, na maombi yaendelee. Kama kuna neno la Mungu kwake, litaweza kungoja mpaka apone.

Maswali ya Kujadili:

1. Roda aliitwa mwendawazimu na waumini wenzake. Darasa lenu lifanye nini ili anayeleta habari isiyotarajiwa asikilizwe, na habari yenyewe ichunguzwe?

2. Mwanafunzi wa chuo anarudi likizo na kusema kwamba haamini tena. Je, anaweza kuuliza maswali yake katika darasa lenu bila kuaibishwa? Kama hawezi, mbadilishe nini?

3. Ni kwa namna gani historia ya mwaka 1844 inaweza kulifanya kanisa kuwa nyenyekevu zaidi linapozungumza na watu wa imani nyingine, au na wasioamini?

4. Je, kuna mtu mwenye ugonjwa wa akili katika mtaa wenu ambaye familia yake imeacha kuja kanisani kwa aibu? Ni nani atakayewatembelea juma hili, na ni nani atakayesaidia nauli ya kwenda hospitali?